Amplifaya ya Ukumbi Wetu Ilivyounguzwa na Transista Isiyo Yake

Na mratibu wa matawi ya mashambani, Uganda

Jumapili moja ya mwezi wa pili walikusanyika watu wengi katika ukumbi wa tawi letu la wafanyakazi wa miwa, mashariki ya Uganda, kusikiliza majibu ya mwajiri juu ya posho ya wakata miwa. Katibu alishika maiki, akasoma vipengele viwili vya kwanza. Alipoanza cha tatu, spika zilitoa mlio kama kofi, kisha kimya. Moshi mwembamba ukapanda nyuma ya meza. Katibu wetu ni mtu wa sauti ndogo, lakini akaendelea kusoma kwa mdomo mtupu. Waliokaa mbele walisikia kwamba posho imeongezwa. Waliokaa nyuma, na wale waliosimama madirishani, walisikia kwamba posho imeondolewa. Kabla hajafika kipengele cha nne viti vilikuwa vimekwisha kuinuliwa juu.

Ilitubidi kwenda kambi hadi kambi kwa siku tatu, tukiwaeleza watu neno moja lile lile. Wapo wakata miwa wa zamu ya mbali ambao mpaka leo wanaamini kwamba majibu yalibadilishwa baada ya wao kufanya fujo.

Kamati ilipokaa, jambo la kwanza lilikuwa amplifaya. Wengine walisema iuzwe kwa kilo pamoja na vyuma chakavu, na kila mkutano tukodi vyombo vya muziki mjini. Mwekahazina akatukumbusha kodi ya siku moja ni kiasi gani, nao wakanyamaza. Wakati huo huo alitokea mtu mmoja akataka kuinunua kama ilivyo, imekufa. Hapo ndipo nilipoanza kushtuka. Mtu akija kununua maiti, yafaa umwulize anakwenda kuifanyia nini. Nikaomba kamati inipe mwezi mmoja.

Ndugu wasomaji, mimi nilisoma mpaka darasa la saba, wala sikusomea umeme. Lakini mwenzetu mmoja ni fundi umeme wa zamu kiwandani, na mjini Jinja yupo Mzee aliyeanza kutengeneza redio tangu zile za taa. Sisi watatu ndio tuliofanya kazi hii, na ninaieleza hapa kwa sababu kumbi nyingi za vyama, makanisa na shule zina vyombo vya namna hii vilivyofungiwa stoo.

Mzee hakushika bisibisi siku ya kwanza. Alivaa miwani, akaigeuza amplifaya huku na huku kama mtu anayenunua ng'ombe.

“Mwanangu,” akaniambia, “chombo hiki mlikipata wapi?”

Nikamweleza kwamba tulikinunua katika mnada, vitu vya klabu ya zamani ya mameneja vilipouzwa. Wazee wetu waliingia katika klabu ile wakibeba sinia tu.

“Je, mnajua ni nini?”

“Ni amplifaya, Mzee.”

“Hilo hata mtoto anajua. Nani aliitengeneza, mwaka gani, na ndani yake mna nini?”

Sikuwa na jibu. Miaka yote tuliita “lile sanduku la Mzungu”.

Tulipofuta vumbi, jina lilikuwapo: QUAD 303. Quad ni chapa ya kiwanda cha Kiingereza kilichoanzishwa na Peter Walker mwaka 1936, nacho kilikuwa katika mji wa Huntingdon. Kabla ya hapo walipata sifa kwa amplifaya ya taa iliyoitwa Quad II, ya mwaka 1953. Hii 303 ilitoka mwaka 1967, ikiwa ya transista tupu, nao waliendelea kuitengeneza mpaka mwaka 1985. Kwa hiyo hata ile changa kuliko zote sasa ina umri wa miaka arobaini. Kila upande hutoa wati 45 katika spika ya omu 8. Siku hizi utaona redio za plastiki zimeandikwa wati elfu moja kwenye boksi. Wati hizo ni za boksi. Hizi 45 ni za kweli, na zinatosha ukumbi wetu pamoja na watu wa madirishani.

Tulijifunza pia kwamba 303 si chombo kamili peke yake. Haina kitufe cha sauti wala cha besi. Ilikusudiwa kufungwa nyuma ya mwenzake aitwaye Quad 33, ambaye ndiye mwenye vitufe. Wa kwetu alipotelea huko huko klabu, na sisi hutumia mikisa ndogo ya maiki mbili badala yake. Inafaa bila taabu, kwani 303 inahitaji nusu volti tu ya sauti ili itoe nguvu zake zote.

Kutambua mwaka wa chombo hakuhitaji mwenye chombo kukuambia. Vipuri vingi vya zamani, hasa kapasita na transista, vina tarakimu nne ambazo si namba ya kipuri. Ukiona 7412, maana yake ni juma la 12 la mwaka 1974. Tazama vipuri kadhaa, usitazame kimoja, na chombo kimeundwa baada kidogo ya kile kipya kuliko vyote. Ukikuta karibu vyote ni vya mwaka mmoja, halafu viwili ni vya miaka mingi baadaye, ujue mkono wa fundi umepita hapo. Na hivyo ndivyo tulivyokuta.

Kabla sijafika huko, lazima niseme juu ya hatari, maana humu kuna umeme wa kuua. Kuchomoa plagi hakutoshi. Zile kapasita kubwa kama makopo hushika umeme baada ya plagi kutolewa, na katika chombo hiki umeme huo unazidi volti 67. Mzee alizimwaga kwa kuunganisha miguu yake kwa rezista kubwa yenye mpini wa plastiki, akangoja, kisha akapima kwa mita mpaka ikasoma karibu sifuri. Mafundi wengine hugusisha kwa bisibisi ili waone cheche. Cheche hiyo huharibu kapasita, na siku moja itaharibu jicho.

Sasa tufungue. Ndani ya Quad 303 kila upande una kibao chake cha vipuri, wa kushoto na wa kulia, navyo vimefanana kama pacha. Mzee alifurahi sana hapo. Alisema chombo chenye pande mbili kinakuja na kitabu chake ndani: upande mzima ndio kitabu cha upande mbovu. Unapima rezista huku, unapima ndugu yake kule. Zikitofautiana sana, umepata pa kuanzia.

Kisha tukasoma namba za transista kubwa, zile za kofia ya chuma zenye umbo la yai. Kwa asiyejua, transista ni kama lango la mfereji wa kumwagilia shamba: mtu mmoja anainua ubao kwa mkono, na maji mengi yanapita. Umeme mdogo wa sauti ndio mkono, na umeme mkubwa wa kwenye transfoma ndio maji. Upande wa kulia, kofia zote mbili zilikuwa na namba 38494. Hiyo ilikuwa namba maalum ya kampuni ya RCA ya Marekani, si namba ya kawaida ya dukani. Upande wa kushoto zilisoma 2N3055, zikiwa mpya na zinang'aa.

Fundi umeme wetu akasema, “Si mbaya, hizi 3055 ndizo zinazotumika kila mahali.”

Mzee akamtazama juu ya miwani. “Kila mahali ni wapi, kijana?”

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye chombo alijue. Transista 2N3055 ni ya heshima, na imetumika katika maelfu ya mashine tangu miaka ya 1960. Inabeba ampea 15. Lakini mpaka wake wa volti, kati ya mguu mmoja mkubwa na mwingine, ni volti 60. Quad 303 inafanya kazi kwa volti 67. Sauti inapopanda juu kabisa, karibu volti zote hizo huangukia transista moja, kisha mwenzake, kwa zamu. Ni sawa na lori la tani sita kupakiwa tani saba za miwa kila siku. Litatembea, hata wiki kadhaa litatembea, na dereva atasema ninyi mlikuwa waoga. Mpaka siku ya kilima. Katika amplifaya nyingine, kama ile NAD 3020 iliyotoka mwaka 1978, transista 2N3055 iko mahali pake halali, kwa kuwa chombo kile kina volti ndogo zaidi. Hapa haikuwa mahali pake.

Tena hata hizo 3055 zenyewe zilikuwa na walakini. Kwa kuwa zilikuwa zimekwisha kuungua, Mzee alikata kofia ya moja kwa msumeno wa chuma. Ndani, kile kijipande chenye kufanya kazi kilikuwa kidogo kama punje ya ulezi. Akatoa katika kopo lake 3055 ya zamani iliyokufa, ambayo aliifungua miaka mingi iliyopita ili awaonyeshe wanafunzi. Kijipande chake kilikuwa kikubwa kama punje ya hindi. Watu wengine hununua transista dhaifu ya bei ndogo, wakafuta maandishi na kuandika namba yenye soko. Ukisugua kwa pamba yenye dawa ya kuondoa rangi ya kucha, mara nyingine namba hufutika. Si kila namba inayofutika ni ya bandia, lakini mimi sasa nikiona hivyo, sinunui.

Tuliuliza, basi, aliyeweka transista hizo ni nani? Jibu tulikuwa nalo wenyewe. Mwezi wa kumi uliotangulia, upande wa kushoto ulinyamaza. Tulimpelekea fundi mmoja mjini, akakaa nayo juma zima, akairudisha ikilia, nasi tukalipa. Alituambia transista zilikuwa zimekufa. Lakini Mzee alipoifuata njia ya sauti kwa mita, tangu soketi ya nyuma yenye matundu manne mpaka kwenye kibao, alikuta kiungo cha risasi kimefanya ufa mduara, mwembamba kama unywele. Ukiugusa waya, njia inafunga; ukiuachia, inafungua. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wa kwanza. Fundi yule alipokuwa akivutavuta waya, kiungo kilishika, na sauti ikarudi. Transista za asili zilizotolewa, ambazo huenda zilikuwa nzima kabisa, hatukuziona tena. Kwa hiyo naomba jambo moja: fundi akikuambia kwamba kipuri kimekufa, mwombe akurudishie maiti yake. Hata fundi wa gari hurudisha.

Na kosa jingine lilikuwa letu, siwezi kulificha. Wakati fulani fyuzi iliungua, na mmoja wetu akafunga waya mahali pake ili dansi iendelee. Jumapili ile transista za kushoto zilipokufa, hapakuwa na fyuzi ya kukata moto. Moto ukapita moja kwa moja, ukaua transista kubwa ya tatu, ile inayolinda volti 67 zisizidi wala zisipungue. Ule moshi ulitoka kwenye rezista iliyogeuka mkaa. Transfoma ilinusurika, na hiyo ilikuwa bahati tupu, maana transfoma ya namna ile ikiungua huwezi kuipata sokoni Jinja wala Kampala.

Lakini spika zilipona, na hiyo haikuwa bahati. Waundaji wa Quad 303 waliweka kapasita kubwa, ya mikrofaradi 2,000, kati ya transista na spika. Kapasita hupitisha sauti, lakini huzuia umeme ulionyooka kama wa betri. Transista zikifa, spika hupata kishindo kimoja tu. Amplifaya nyingi zilizokuja baadaye hazina kapasita hiyo. Transista zimefungwa moja kwa moja na spika. Kama yako ni ya namna hiyo na imeungua, usiunge spika kwanza. Pima mahali pa spika kwa mita: ukikuta volti kadhaa za betri badala ya karibu sifuri, spika yako itageuka jiko.

Tukaja kwenye matengenezo. Transista za 38494 hazitengenezwi tena, na tusingeziamini za kuokota. Mzee alichagua MJ15003, ya umbo lile lile, yenye mpaka wa volti 140 na ampea 20, tukaagiza tatu kwa muuzaji mwenye jina badala ya meza ya barabarani. Tulinunua pia rezista, transista ndogo mbili zilizoungua pamoja na wakubwa wao, kapasita ndogo za pande zote mbili kwa kuwa zilikuwa zimekauka, na fyuzi ya kipimo kilichoandikwa, pamoja na za akiba tano. Jumla haikufika kodi ya vyombo kwa mikutano miwili.

Kofia ya transista kubwa ni ya chuma, nayo ina umeme. Kwa hiyo chini yake huwekwa kipande chembamba cha mika ili isiguse bati la kupozea, na mika hupakwa grisi nyeupe pande zote mbili ili joto lipite. Chini ya zile 3055 tulikuta mika iliyopasuka, kavu, bila grisi hata kidogo. Baada ya kukaza skrubu, pima kati ya kofia na bati. Mita isipate njia. Jambo hili huchukua nusu dakika.

Sasa kuwasha, na hapa Mzee alileta chombo ambacho ningependa kila tawi liwe nacho. Ni ubao wenye soketi ya plagi na balbu ya wati 100, vimefungwa kwa mfuatano, yaani umeme wa kwenda kwenye amplifaya hauna budi kupita kwanza ndani ya balbu. Lazima iwe balbu ya zamani yenye waya unaowaka. Hizi za LED hazifai kazi hii. Chombo kikiwa na hitilafu kubwa, balbu itawaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, nayo itameza umeme ambao ungeunguza vipuri vyako vipya. Kikiwa kizima, balbu huwaka kidogo kapasita zinapojaa, kisha hufifia.

Hatukuunga vibao vya sauti mara moja. Mzee alivitenga vyote viwili, akawasha sehemu ya umeme peke yake. Sababu yake ilikuwa hii: ikiwa kilinzi cha volti bado kina ubovu, kitapeleka volti kubwa kupita kiasi kwenye kibao cha kulia, ambacho ni kizima, nasi tungekuwa na wagonjwa wawili. Balbu ikawaka, ikafifia. Mita ikasoma 71. Mzee akageuza kile kidude cha kurekebishia kwa bisibisi ndogo, pole pole, mpaka 67. Akazima, akamwaga kapasita, akaunga upande wa kulia. Balbu ikafifia tena. Ndipo akaunga upande wa kushoto.

Kipimo cha pili ni mahali transista mbili za upande mmoja zinapokutana, kabla ya kapasita ya spika. Hapo pawe na nusu ya volti zote, yaani 33 na nusu hivi, ili kila transista ibebe sehemu sawa. Kulia tulipata 33, kushoto 29. Kidude kingine kikageuzwa, kushoto kukalingana na kulia. Ule mtiririko mdogo unaopita sauti ikiwa kimya nao hurekebishwa kwa karatasi ya ufundi ya chombo chenyewe, usiukisie kwa sikio. Tuliiacha saa mbili, tukapima tena.

Spika ya kwanza tuliyounga ilikuwa ya redio mbovu ya Mzee mwenyewe. Mtu hajaribu daraja jipya kwa gari la arusi. Ikalia taarabu, safi, bila mkwaruzo. Fundi umeme wetu akacheza peke yake katikati ya duka.

Yule mnunuzi alirudi, akaongeza bei. Baadaye nilielewa kwa nini: huko Ulaya wapo watu wanaozitafuta 303 na kuzirudisha katika hali yake. Kamati ilimpa chai.

Mkutano wa mwezi wa tano ulikuwa wa kusoma mkataba mzima, vipengele vyote, kwa Kiswahili, kwa kuwa katika kambi zetu wamo Wasoga, Wateso, Waacholi na Walugbara, na hiyo ndiyo lugha ya mkutano. Katibu alisoma kwa sauti yake ile ile ndogo. Kipengele cha posho alikirudia mara mbili. Nilisimama nyuma kabisa, nje ya dirisha la mwisho, karibu na wauza mandazi, nikasikia kila neno. Mkata miwa mmoja aliyekuwa mbele yangu akamwuliza mwenzake, “Kumbe iliongezwa tangu siku ile?”

Upande wa kushoto bado unavuma kidogo amplifaya ikiwa baridi, kwa dakika tano hivi. Mzee anaamini ni kapasita moja kubwa ambayo hatukuibadilisha, naye atakuja baada ya msimu wa kukata. Fyuzi za akiba ziko katika bahasha iliyobandikwa chini ya kifuniko, na karatasi yenye namba za vipuri vyote, tarehe ya kila kazi na jina la aliyeifanya iko katika faili la tawi. Waya wa kufungia fyuzi tuliutupa.